Kupanda mchongoma: shajara ya ua wa shamba, Tongoni

12 Machi 2019

Seng'enge imekwenda. Nimefika shambani saa tatu asubuhi, vumbi la barabara ya Pangani bado limejaa kwenye ushungi, nakuta nguzo tupu. Wameikata kwa koleo, wameikunja, wameondoka nayo yote, mita 60 za upande wa njia. Mbuzi nao hawakungoja kualikwa. Mihogo iliyokuwa inanifika magotini imebaki vijiti.

Seng'enge ile niliinunua kwa fedha za kushona sare za shule za Januari nzima. Kabla yake nilikuwa na ua wa fito na makuti, ukaliwa na mchwa. Kwa hiyo huu ni ua wangu wa pili kufa.

Mjomba, ambaye kiwanja chake kinapakana na changu, hakunipa pole ndefu. "Mwanangu, ua wa kununua huibwa. Panda mchongoma."

Nikamjibu kama anavyojibu kila mtu aliyekulia pwani: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

"Huo ni wa kukwea," akasema. "Mimi nakwambia wa kuotesha."

Shajara hii naiandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Ukiona mahali pameandikwa "bega 16" ujue umefungua upande usio wake.

6 Aprili 2019

Nilifikiria minyaa kwanza. Inafunga upesi na haitaki kubembelezwa, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na shambani kwangu watoto wa jirani wanapita kila saa. Mkonge je? Huku Tanga mkonge kila mtu anao, lakini mkonge hauliwi. Mchongoma unachoma na pia unalisha. Hapo ndipo tamaa iliponiingia: ua na matunda kwa jembe moja.

Leo nimekwenda na Mjomba kwenye kiwanja cha marehemu bibi, ambako mchongoma mkubwa umesimama pembeni ya msingi wa nyumba ya zamani. Niueleze vizuri, maana watu wengine huita mchongoma kichaka chochote chenye miiba. Wetu una majani yenye meno-meno ukingoni, machanga yakiwa na wekundu. Shina lake la chini limeota miiba ya mafungu, mwiba juu ya mwiba. Ile ya matawini ni mmoja mmoja, mrefu, mnyoofu kama sindano ya namba 18. Machongoma yenyewe ni ya mviringo, madogo kuliko zambarau kubwa, huanza kijani, yakawa mekundu, yakaishia rangi ya damu ya mzee iliyokaribia weusi.

Kuna namna ya kuyala. Bibi alituzuia kulitia mdomoni papo hapo. Unaliviringisha kwanza baina ya viganja, polepole, mpaka lilegee bila kupasuka. Ukilila bila kulifikicha hivyo linakukaza ulimi, hasa kama halijaiva sawasawa. Likishalegea ni tamu yenye ukali kidogo nyuma yake. Nimekula mengi kuliko niliyotia kwenye kikapu. Mikono yangu imechorwa kama ya bi harusi, ila kwa mikwaruzo.

Nimepasua moja kuhesabu: mbegu 8, bapa, zimebanana katikati. Kumbe kikapu kimoja kinatosha ua mzima.

9 Aprili 2019

Mbegu 400 zimesafishwa kwa maji na mchanga mpaka utelezi wa nyama umetoka. Mjomba anataka zote ziingie udongoni leo. Mimi nina kazi. Ramadhani inaanza mwezi ujao na kanzu na magauni ya Idi yameshaanza kuletwa. Tumeafikiana nusu kwa nusu: 200 nimezisia leo kwenye viriba na makopo ya maji yaliyokatwa, chini ya kivuli cha makuti. Nyingine 200 nimezianika juu ya ungo, nitazisia baada ya Idi.

18 Julai 2019

Matokeo. Zile za Aprili zilikaa kimya karibu mwezi, nikaanza kuwaza maneno ya kumwambia Mjomba, halafu zikachomoza kwa mafungu: leo tano, kesho mbili, wiki nyingine thelathini. Jumla 131. Zile nilizoanika nikazisia katikati ya Juni zimetoa 9.

Mjomba hajasema kitu. Amehesabu kwa sauti tu, mara mbili.

Kwa hiyo, kwa atakayeiga: mbegu ya mchongoma usiiweke kama mbegu ya mahindi. Ioshe, isie.

16 Novemba 2019

Vuli ya mwaka huu imekuwa ya mafuriko mkoani, huko Handeni hata madaraja yamekwenda. Kwetu Tongoni maji yalisimama siku chache tu kwenye kona ya chini inayoelekea mikokoni. Udongo ulipokuwa bado laini nimepanda.

Nimepanda kwa futi yangu ya kazini. Mistari miwili, mche hadi mche mita 1, na mche wa mstari wa nyuma unaangalia pengo la mstari wa mbele, kama mshono wa zigzagi. Miche 120 imeingia, iliyobaki nimeiacha kitaluni iwe ya akiba. Kila shimo nimetia samadi viganja viwili. Mirefu ilikuwa shibiri moja na nusu, mifupi haifiki kidole cha kati. Miiba yao ni laini bado, unaweza kuishika kwa upole kama unashika mtoto wa paka.

23 Februari 2020

Hapa ndipo nilipodanganyika, na nadhani wengi hudanganyika. Ua wa miiba, ukiwa mdogo, si ua. Ni majani ya mbuzi. Na mbuzi wanalipenda jani la mchongoma kwelikweli. Wameupita mstari wa mbele mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu wanaopokea posho.

Dawa tuliyoipata ni kukata matawi makavu yenye miiba kutoka kwenye vichaka vya njiani na kuyalaza kandokando ya mistari. Yaani nimejenga ua wa kulinda ua. Jirani mwenye mbuzi amepita akaniuliza ninapanda nini. Nikamwambia napanda michongoma ya kuzuia mbuzi wako. Akasema, "Inshallah," akaendelea na safari.

31 Mei 2020

Sijaandika kwa miezi. Corona imetufanya mafundi wote wa Ngamiani, huko Tanga mjini, kuwa washonaji wa barakoa, nimeshona mpaka lastiki ikaadimika mjini. Leo nimekwenda kuhesabu.

Michongoma 71 hai kati ya 120. Mbuzi wamechukua sehemu kubwa, mchwa kidogo, na kona ya chini, ile ya maji ya chumvi, imekufa yote isipokuwa mmoja ambao sijui unaringia nini.

Nilikaa chini ya mwembe nikasikitika. Mjomba akanikumbusha habari ya mkonge wa Tanga, ambayo wazee wa huku wanaisimulia kama habari ya ukoo. Mwaka 1893 yule Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika na uhai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, hapo Pangani, na mashamba yote ya mkonge yaliyofuata yalianzia kwenye hivyo 62. "Wewe una 71," akasema. "Na hujavuka bahari."

Nimejaza mapengo kwa miche ya akiba, isipokuwa kona ya chumvi. Kule nimeweka mkonge. Sawa, nimekubali.

Desemba 2021

Vuli haikunyesha ipasavyo. Nimemlipa kijana mmoja anamwagia debe kwa debe, mara mbili kwa wiki. Michongoma imepukutisha majani ikabaki miiba mitupu, lakini ukikwaruza gamba kwa ukucha, ndani kuna kijani. Sina la zaidi.

11 Septemba 2022

Umefunga! Si wote, ila mita 40 hivi za katikati mkono haupiti. Nimejaribu kwa mkono wangu mwenyewe na nina alama za kuthibitisha.

Kilichosaidia ni kukata. Mwaka jana nilisikia uchungu kuikata, kila tawi nikiliona kama faida. Mjomba akanishika mkono: mchongoma ukiuacha unakwenda juu kama mti, huko chini unaacha mlango wa mbuzi. Basi mwezi wa nne niliukata wote kimo cha kiuno, ukatoa matawi ya pembeni mengi, yakaingiliana na ya jirani. Ni kama kitambaa: uzi wa kwenda juu peke yake hausitiri kitu mpaka upite wa kukatiza.

Matawi yaliyokatwa usiyatupe. Mazito Mjomba amechukua ya mipini, mti wake ni mgumu hasa. Membamba yamekwenda kwenye lile boma la kulinda miche michanga.

Mbuzi sasa wanapita njiani wakiangalia mbele.

19 Novemba 2023

Ua wangu umetoa ua lake la kwanza! Samahani, nilikuwa nangoja miaka minne kuliandika hilo.

Mvua ya vuli mwaka huu ni ya El Niño, kila kitu kimechanua. Ila usitegemee kuona maua ya kupigia picha. Ni madogo, hayana hata petali, yamejificha kwenye makwapa ya majani. Niliyaona kwa sababu ya nyuki. Mengine yamekaa kama kishada kidogo cha nyuzi za manjano. Mengine hayana nyuzi, yana kitu cha kijani mfano wa kibuyu kidogo chenye nyota juu yake. Nilidhani ni ua lilelile kwa umri tofauti.

17 Machi 2024

Si lilelile.

Nimekuja na vikapu viwili na shemeji yangu wa kunisaidia kuchuma. Mti wa kwanza, tupu. Wa pili, tupu. Wa tatu umejaa mpaka matawi yameinama. Wa nne tupu, wa tano tupu. Nikadhani watoto wametangulia, kisha nikadhani shore, maana ndege hao wametua kila mahali wakinya rangi ya zambarau. Lakini ndege hachumi mti mzima akaacha wa pembeni yake umejaa.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba akitutazama. "Hayo ni madume," akasema.

Miaka mitano, Mjomba! Miaka mitano nalima hapa na hujaniambia mchongoma una dume na jike kama mpapai?

"Uliniuliza habari ya ua," akasema. "Kwa ua, dume na jike ni mamoja."

Na ndivyo ilivyo. Mpapai dume unaujua mapema kidogo, na ukiujua unaukata, umepoteza miezi. Mchongoma uliotoka kwenye mbegu haukwambii kitu mpaka uchanue. Ile michanuo ya nyuzi za manjano ndiyo madume, ile ya kibuyu chenye nyota ndiyo majike. Ukiangalia kwa makini hata chongoma lililoiva lina mabaki ya ile nyota kichwani.

Nimehesabu na shemeji, huku tukila. Iliyokwisha kuchanua ni 66: madume 38, majike 28. Iliyobaki bado haijasema. Tumepata vikapu viwili, si haba, na tumevimaliza kwa kugawa njiani kabla ya kufika Ngamiani.

8 Juni 2024

Binamu yangu anayesoma mambo ya misitu Morogoro amekuja likizo, nikampa kazi ya kunisomea kuhusu huu mti. Jina lake la kitaalamu ni *Flacourtia indica*. Hilo la mbele limetokana na Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyekuwa gavana wa kituo chao huko Madagaska, Bukini ya wazee wetu, toka 1648 hadi 1655. Labda ndiyo maana Waingereza wanaliita tunda hili plamu ya gavana. Mti wetu umeota kuanzia Afrika mpaka Asia ya joto, umelishwa na kusambazwa na ndege miaka yote hiyo, halafu sifa amepewa gavana. Haya.

La pili lililonishangaza ni kwamba wataalamu waliuhamisha ukoo. Zamani ulikuwa na ukoo wake, sasa umetiwa pamoja na ule mti wa Ulaya unaoota kando ya mito, ambao ganda lake ndilo lililowafikisha watu kwenye aspirini. Binamu akaniambia mara chache hutokea mti wenye maua ya pande zote mbili. Wangu sijauona.

Nilichokuwa nakitaka hasa ni jinsi ya kupata majike bila kubahatisha. Jibu liko chini ya miguu: mchongoma huchipua kutoka mizizini. Chipukizi la jike ni jike, kwa sababu ni mti uleule. Bibi hakuhitaji kuandikiwa hilo. Binamu ananionyesha njia nyingine, ya kumenya gamba la tawi na kufungia udongo mbichi kwa kitambaa mpaka litoe mizizi, lakini nimeona nianze na rahisi.

Shida ni kutambua yupi ni yupi wakati hakuna maua. Nimechukua vipande vilivyobaki vya nguo za wateja: vyekundu nimefunga kwenye majike, vya bluu kwenye madume.

2 Novemba 2024

Machipukizi 10. Mwezi uliopita niliyakata mzizi unaoyaunganisha na mama, nikayaacha hapohapo yajifunze kujitegemea, leo nimeyang'oa na donge la udongo. Sita nimeyapeleka upande wa lango, manne kwenye mapengo. Mjomba alitaka tung'oe madume kadhaa kuyapisha. Nimekataa. Kwanza ua utatoboka. Pili, jike bila chavua ya dume halizai, na hata ule mchongoma wa bibi una dume lake, liko nyuma ya choo cha zamani, hakuna aliyewahi kulitazama.

Nimebadilisha ukataji pia. Nilipoukata ua wote mwaka jana niliona matawi yaliyopunguzwa sana hayakuchanua kitu. Sasa upande wa njia nakata kila msimu, unyooke, uchome. Upande wa ndani nauacha ujimwage.

15 Machi 2025

Ramadhani. Juisi ya kwanza ya machongoma ya shamba langu, kwa futari.

Kilo nne, zote nyeusi, yaliyobaki mekundu nimeyatoa maana ndiyo yanayokaza ulimi. Nimechemsha na maji kidogo mpaka yakapasuka, nikapondaponda kwa mwiko, nikachuja kwenye kitambaa cha melimeli. Usitumie blenda, zile mbegu zikisagika zinaharibu ladha. Maji yake ni rangi ya mvinyo mzito. Nusu nimeongeza sukari na tangawizi na barafu. Kwa ukali naiweka kati ya ukwaju na mabungo, na mimi ni mtu wa mabungo, kwa hiyo hiyo ni sifa kubwa. Nusu nyingine nimeirudisha jikoni na sukari kuifanya jemu, ikaganda yenyewe bila kutiwa kitu, mpaka nikachelewa kuitoa na ya chini ikashika sufuria.

Nimejaribu kuuza barazani kwangu baada ya tarawehe, shilingi 500 glasi. Jagi mbili zimekwisha. La tatu nimemwaga nusu, nilipunguza sukari nikijifanya najali afya za watu.

Machipukizi: sita yameshika, manne yamekauka. Ya langoni yapo yote.

5 Aprili 2025

Jambo moja sikulielewa msimu huu. Mwaka jana watoto na wapita njia walichuma walivyotaka, na sikuwa na neno. Mwaka huu machongoma yameiva mpaka yakaanguka chini, hayajaguswa. Ndege tu.

Leo jirani mwenye mbuzi ameniita pembeni, kwa heshima kabisa, akaniuliza kama nimelizindika shamba. Nikamuuliza kwa nini. Akanyoosha kidole kwenye vile vitambaa vyekundu. Watu wamekuwa wakivuka upande wa pili wa njia tangu Juni.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Nikamweleza habari ya majike na madume, akanisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kwa adabu tu. Mjomba ananishauri nivikaze zaidi, na nimlipe yeye ada ya uganga.

Nimevifungua. Majike nimeyatia alama kwa uzi mweupe wa cherehani, chini kabisa shinani, nami naujua. Watoto wa jirani wamesimama ng'ambo ya njia wakinitazama, hawajasogea bado. Nimechuma ujazo wa ushungi, nikawaviringishia la kwanza viganjani mwangu.